Somo la Mwezi: Je, Mtoto Huyu Asikia Nini?



Katika somo la mwezi huu nataka tutafakari jambo ambalo huonekana kuwa ni kazi ya hospitali tu, kumbe ni kazi yetu pia. Twajua ya kwamba siku hizi watoto wengine wasiosikia vema hupewa chombo kidogo cha kuvaa sikioni, ambacho watu wa hospitali hukiita shimesikio. Chombo hiki huipokea sauti, huikuza, na kuipeleka ndani ya sikio. Mtoto akivikwa chombo hicho sisi sote hufurahi na kumshukuru Mungu, na ndivyo ipasavyo. Lakini baada ya shukrani hubaki swali moja ambalo wachache huliuliza: Je, chombo hiki chamsaidia mtoto huyu, na chamsaidia kwa kiasi gani?

Wala tusidhani ya kwamba ni neno la watu wachache. Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kwamba watoto wapatao milioni 34 ulimwenguni wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada. Basi si ajabu kama mmoja wao aketi katika mabenchi ya usharika wako.

1. Bwana mwenyewe aliuliza

Someni Injili ya Marko, sura ya 8, tangu mstari wa 22 hata wa 26. Watu wa Bethsaida walimletea Yesu kipofu. Bwana alimwongoza hata nje ya kijiji, akamgusa, kisha akafanya neno ambalo hatulioni katika miujiza mingine: alimwuliza yule mtu kama sasa aona kitu. Mtu yule hakusema uongo ili ampendeze aliyemponya. Alikiri ya kwamba awaona watu, lakini machoni pake wamefanana na miti, ila tu yatembea. Bwana hakumkaripia kwa jibu hilo, wala hakumwambia ya kuwa imani yake ni haba. Alimwekea mikono mara ya pili, ndipo akaona vyote waziwazi.

Tuyashike mambo haya matatu, maana ndiyo nguzo za somo letu: kuuliza, kujibu kwa kweli, na kurudia kazi. Ikiwa Bwana wa uzima aliuliza baada ya kugusa, sisi tulio watumishi tu tutawezaje kumvika mtoto chombo, tukaenda zetu bila kuuliza?

2. Kosa langu mwenyewe

Sitawafundisha kana kwamba mimi sikukosa. Katika usharika mmoja niliotumika zamani alikuwako mvulana katika darasa la kipaimara, ambaye alikuwa amepewa vyombo viwili vya kusikia na watu wa huruma waliopita mjini kwa siku moja. Jumapili iliyofuata tulimleta mbele ya madhabahu ili tutoe shukrani. Mimi nilisimama nyuma yake, nikamwashiria mpiga ngoma. Ngoma ikalia, mtoto akageuka. Watu wakapiga vigelegele, nami nikatangaza ya kwamba sasa asikia.

Tangu siku ile nilimhesabu kuwa ni mtoto asikiaye. Nilipomwuliza swali la katekisimu naye akajibu neno lingine, nilisema ya kuwa ni mvivu. Nilipomwambia asome naye akasimama tu, nilisema ya kuwa ni mkaidi. Mwisho nilimhamisha nyuma ya darasa, asiwachelewesha wenzake. Miezi mingi ikapita hivyo.

Siku moja mwalimu mwenye ujuzi wa kufundisha viziwi alikuja kumtembelea ndugu yake, akamwona kijana huyo. Alimketisha chini ya mwembe, akampima kwa sauti chache za kinywa tu. Kisha akaniita na kusema kwa upole, “Baba Mchungaji, kijana huyu asikia ngoma, na asikia sauti nene za maneno. Lakini sauti nyembamba hazimfikii kabisa. Tena vyombo vyake vimefungwa sauti karibu yote.”

Tulimwuliza mama yake. Akajibu akitazama chini, “Baba, vilikuwa vikipiga mbinja ibadani. Mzee mmoja alinikaripia ya kuwa twawasumbua watu wa Mungu. Basi nikavipunguza.”

Ndugu zangu, mbinja ile ilikuwa na sababu. Kile kiziba laini kiingiacho katika tundu la sikio hutengenezwa kwa kipimo cha sikio la mtoto, lakini mtoto hukua na sikio lake hukua naye. Kiziba kikiwa kidogo, sauti iliyokuzwa huvuja nje, hurudi katika chombo, hukuzwa tena, na ndipo mbinja hutokea. Chombo kilikuwa kikilia kutuambia ya kwamba kiziba kipya chahitajika, nasi tukakinyamazisha. Nilimwomba kijana yule msamaha mbele ya wenzake, na mama yake pia.

3. Kwa nini ngoma hudanganya

Tuelewe basi sababu ya kosa hili, maana wengi hulifanya hata leo kwa makofi, kwa kengele na kwa kufunga mlango kwa kishindo.

Kwanza, mtu aweza kugeuka pasipo kusikia. Mshindo wa ngoma hupita katika sakafu na katika benchi, na mtoto huuhisi mwilini. Huenda pia ameona kivuli, au macho ya watu waliomkabili yakitazama nyuma yake. Watoto wasiosikia ni hodari sana kusoma nyuso zetu.

Pili, sauti za maneno si za namna moja. Sauti za m na u ni nene na nzito. Sauti za s na sh ni nyembamba na hafifu. Watoto wengi wenye upungufu huu husikia zile nene na kukosa zile nyembamba. Mtoto wa namna hiyo husikia ya kwamba mtu anena, lakini hapati neno lenyewe. Katika lugha yetu ya Kiswahili hasara yake ni kubwa. Kosa na kosha, suka na shuka, kwake yeye ni neno moja. Tena angalieni aaminiye na asiyeamini: kukana kote kumebebwa na kisilabi kile kidogo chenye s. Asiyeisikia s aweza kuketi kwetu mwaka mzima, akapokea fundisho letu kinyume chake, nasi tukamwita mjinga.

Tatu, kusikia kuna ngazi. Mwalimu mmoja wa Marekani, Norman Erber, alizieleza ngazi nne katika kitabu chake cha mwaka 1982. Ngazi ya kwanza ni kujua ya kwamba sauti ipo. Ya pili ni kujua ya kwamba sauti hizi mbili si moja. Ya tatu ni kulitambua neno lililosemwa, hata aweze kulirudia au kulionyesha. Ya nne ni kufahamu maana yake. Ngoma yangu ilipima ngazi ya kwanza tu, nami nikatangaza kana kwamba mtoto amefika ya nne.

4. Jinsi wataalamu wapimavyo

Watu wenye elimu wamejitahidi kwa miaka mingi kuepa udanganyifu huo. Mwaka 1944 Irene Ewing na Alexander Ewing, waliofundisha Manchester katika Uingereza, waliandika njia ya kupima watoto wachanga. Mtoto huketi magotini pa mama yake. Mtu mmoja humvuta macho mbele, na mwingine hutoa sauti ndogo kando, mahali asipoonekana, akijihadhari na kivuli na pumzi yake mwenyewe. Mwaka 1947 Dix na Hallpike wa London walitengeneza sanduku lenye picha ndani. Mtoto akisikia sauti na kubonyeza kitufe, taa huwaka naye huiona picha. Akibonyeza pasipo sauti, haoni kitu. Hivyo mtoto hupimwa akicheza, naye hapati faida kwa kubahatisha.

Siku hizi ziko njia zilizo bora zaidi. Mpimaji huingiza mrija mwembamba laini katika tundu la sikio pamoja na chombo, na mashine huonyesha sauti ifikayo hasa karibu na ngoma ya sikio. Jambo hili ni la lazima kwa watoto, kwa kuwa tundu la sikio la mtoto ni dogo, na sauti katika nafasi ndogo huwa na nguvu kuliko katika sikio la mtu mzima. Chombo kikiwekwa kwa kukisia, sauti huweza kuwa haba, isimfae kitu. Au huweza kuwa kali mno, ikamwumiza.

Wala kosa hili si la nchi maskini tu. Huko Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha ya kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na angalau sikio moja ambalo chombo chake hakikuwekwa karibu ya kutosha na kipimo kilichotakiwa. Nao walikuwa watoto wenye kuhudumiwa na wataalamu, katika nchi yenye mali nyingi. Basi tusione haya kurudi hospitalini na kuomba, “Tafadhali, mpimeni tena akiwa amevaa chombo.” Neno hilo si kumdharau mganga.

5. Sauti sita ambazo kila mtu aweza kuzitumia

Lakini hospitali i mbali, na mtoto yu nyumbani kila siku. Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Daniel Ling, aliyefundisha katika Kanada, alieneza tangu miaka ya 1970 njia nyepesi ya kupima kwa sauti za kinywa, na njia hiyo sasa hutumia sauti sita: m, u, a, i, sh, s. Zimechaguliwa kwa sababu zatoka sauti nene mpaka nyembamba, hata ziwe kama mizani ya usemi wote. Nazo zote zimo katika Kiswahili chetu. Fanyeni hivi:

Kwanza, tafuteni mahali pa utulivu. Hakikisheni ya kwamba chombo kimewashwa na betri ina nguvu.

Pili, mfundisheni mtoto mchezo. Mpeni punje za maharagwe na bakuli; kila asikiapo sauti aweke punje moja. Aliye mkubwa airudie sauti aliyoisikia, maana hivyo twajua si kwamba amesikia tu, bali amesikia nini.

Tatu, simameni nyuma yake au kando, kama hatua moja, asione midomo yenu wala asiguswe na pumzi. Semeni kila sauti kwa kiasi cha mazungumzo ya kawaida, bila kupaza.

Nne, badilisheni mpango wa sauti, na nyamazeni kwa muda usio sawa kati ya sauti na sauti. Mara nyingine nyamazeni kabisa kwa kitambo. Akiweka punje wakati wa kimya, mwajua ya kwamba abahatisha.

Tano, pimeni sikio moja moja, kisha yote mawili pamoja. Halafu rudini nyuma hatua tatu, mkapime tena.

Sita, andikeni katika daftari siku, umbali, na sauti zilizosikiwa. Daftari hili ni la thamani. Mtoto aliyeisikia sh wiki iliyopita, na leo haisikii, ana jambo. Tazameni betri, tazameni kama nta au maji yameziba njia ya sauti, tazameni kama kiziba kimekuwa kidogo, tazameni kama sikio latoa usaha. Sikio lenye usaha lisitiwe mafuta wala dawa ya majani, bali lipelekwe hospitali upesi.

Lakini kumbukeni ya kuwa sauti sita huonyesha tu kama usemi wafika sikioni. Haziwezi kuonyesha kama mtoto afahamu maana. Kwa hiyo msimwulize, “Umesikia?” kwa maana kila mtoto mwenye adabu atajibu, “Ndiyo.” Mwambieni, “Rudia niliyosema,” au, “Leta kitabu na kalamu,” pasipo kuashiria kwa mkono wala kwa jicho.

6. Ushuhuda wa nyumbani

Mtoto haishi katika chumba cha kupimia. Aishi jikoni penye moshi na maneno mengi, darasani penye watoto wengi, na kanisani chini ya mabati wakati wa mvua. Kwa sababu hiyo Teresa Ching na Mandy Hill wa Australia walitoa mwaka 2007 maswali ya kuwauliza wazazi. Mzazi huombwa amwangalie mtoto siku kwa siku na kueleza mambo aliyoyaona: Je, aitikia jina lake mahali pa kimya? Aitikia penye kelele? Hulalamika ya kuwa sauti ni kali? Huivaa shimesikio yake kwa hiari? Hivi ndivyo mama asiyejua mashine hata moja anavyokuwa shahidi ambaye mtaalamu hawezi kumkosa.

Hata hivyo upendo hupendelea. Katika uchunguzi mwingine wa Marekani wa mwaka 2013, saa ambazo wazazi walisema watoto wao huvaa vyombo zililinganishwa na saa zilizohesabiwa na vyombo vyenyewe. Ikaonekana ya kwamba wazazi walizidisha kwa saa zaidi ya mbili kwa siku. Sidhani walikusudia kusema uongo. Walitamani iwe hivyo. Basi tuandike tunayoyaona, wala tusiandike tunayoyatamani, kama yule mtu wa Bethsaida aliyesema miti alipoona miti.

Tena tuwe na uvumilivu wa haki. Mtoto aliyevikwa chombo akiwa na miaka 5, masikio yake ni kama ya mtoto mchanga siku ile. Hawezi kunena kama wenzake baada ya wiki mbili. Lakini uvumilivu usiwe uzembe. Huko Australia watoto waliofuatwa tangu utoto walipimwa walipofika miaka 5, na taarifa ya mwaka 2017 yaonyesha ya kwamba waliosaidiwa mapema walikuwa na lugha bora kuliko waliochelewa, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wale wenye upungufu mkubwa. Kila mwezi tunaoungoja bure, ni mtoto anayeulipia.

7. Msaada ukiwa haba

Huenda mtu akauliza: Je, tukipima kwa uaminifu, tukaona ya kwamba chombo hakimsaidii, au chamsaidia kidogo tu? Kwanza chombo na kiziba virekebishwe, kama Bwana alivyogusa mara ya pili. Wengine wataonekana wanafaa kwa chombo kinachopandikizwa ndani ya sikio kwa kupasuliwa, kazi ambayo katika Tanzania ilianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017. Wengine watahitaji lugha ya alama, pamoja na chombo au pasipo chombo. Hilo si aibu wala si kushindwa. Lugha ya mikono ni lugha kamili, na mtoto asikose lugha yote huku tukingoja masikio. Kanisa letu la Kilutheri lajua kazi hiyo katika shule yake ya viziwi huko Mwanga, mkoani Kilimanjaro.

Wako wasemao ya kwamba Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kuwa imani huanzia katika kusikia, wakadhani kiziwi amefungiwa nje. Wanakosea. Paulo alinena juu ya habari inayotufikia, wala hakuifungia Injili mlango mmoja wa mwili. Ikiwa sikio halipitishi, sisi tulio wahubiri tumewiwa kutafuta mlango mwingine.

Yule kijana wa darasa langu alipata viziba vipya, na vyombo vyake vikawekwa upya. Alianza kuisikia sh. Sauti ya s huisikia akiwa karibu tu. Akiwa mbali haipati. Tuliandika hivyo hivyo katika daftari. Alihamishwa benchi la mbele upande wa mwanga, nami nikajifunza kumgeukia nisemapo, na kumwandikia ubaoni maneno makuu. Mwaka uliofuata alipokea kipaimara pamoja na wenzake, akazijibu zote alizoulizwa, nyingine kwa sauti na nyingine kwa kalamu.

Basi, ndugu, mtoto akivikwa chombo katika usharika wako, shukuru, kisha uliza. Na akikujibu ya kwamba aona miti tu, umwamini, urudie kazi. Bwana aliyekuwa na subira kwa yule kipofu atupe sisi nasi subira hiyo. Amin.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini Yesu alimwuliza yule kipofu, hali alijua yote? Jibu lake latufundisha nini juu ya kusema kweli?

2. Taja sababu mbili zinazofanya makofi na ngoma visiwe kipimo cha kusikia.

3. Zitajeni sauti sita, kisha mjaribuni ninyi kwa ninyi kuzisema pasipo kuonyesha midomo.

4. Je, yuko mtoto katika usharika wetu tunayemwita mkaidi au mvivu, ambaye hatujapata kuuliza kama asikia? Nani atakwenda kwa wazazi wake wiki hii?